Kutafuta hitilafu kwenye laini ya soketi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila siku na wenye nyumba, wapangaji na vijana wanaojifunza ufundi. Nyumba tunayoizungumzia ni ya kawaida ya Tanzania: fezi moja, volti 230, mita ya LUKU (ya kulipia kabla), meni swichi yenye RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) na brekaa kadhaa, soketi za matundu matatu, na rodi ya ethi iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta. Ya Kenya au Uganda haitofautiani nayo sana.

Hitilafu ya umeme hutafutwa kwa kutenga. Unatenga kizima na kibovu, unagawa tena, mpaka kinabaki kipande kimoja tu. Fundi anayebadilisha soketi, kisha brekaa, kisha waya, akitumaini kwamba safari hii itakubali, anakula hela yako na huenda akaiacha hatari ilipokuwa, ndani ya ukuta.

Soketi hazina umeme lakini taa zinawaka. Nianzie wapi?

Anza kwa macho, mbele ya meni swichi. Taa na soketi huwa na laini tofauti. Taa kwa kawaida hupelekewa waya wa milimita za mraba 1.5 na brekaa ya ampea 6 au 10. Soketi waya wa 2.5 na brekaa ya ampea 20, au 32 zikifungwa kwa mzunguko unaoelezwa huko mbele. Hita ya kuogea na jiko la umeme hupewa laini zao zenye waya mnene zaidi. Taa zikiwaka, maana yake umeme upo, uniti zipo, na tatizo liko kwenye laini moja.

Sasa jiulize: ni soketi zote au baadhi? Zikiwa zote, angalia kama brekaa yake imeshuka. Brekaa nyingine hazishuki hadi chini kabisa, kidole chake hubaki katikati na ukitazama haraka utadhani iko juu. Ishushe hadi mwisho kwanza, ndipo uipandishe.

Zikiwa baadhi tu na brekaa iko juu, kuna waya umeachia mahali. Umeme hutoka soketi moja kwenda nyingine, kwa hiyo penye tatizo ni kati ya soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Hapa watu wengi hupotea. Wanafungua soketi iliyokufa, wanakuta nyaya zimekazwa vizuri, wanaanza kuwaza kuvunja plasta. Kumbe waya umechomoka nyuma ya soketi jirani ambayo yenyewe inafanya kazi bila shida. Fungueni zote mbili.

RCCB ni ipi na brekaa ni zipi? Kwa nini nizitofautishe?

Kwa sababu kila moja inalalamikia jambo tofauti, na lalamiko hilo ndilo dalili yako ya kwanza.

RCCB ni ile pana yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Inalinganisha mkondo unaoondoka kupitia laivu na unaorudi kupitia nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, ambacho ndicho kiwango cha nyingi zinazofungwa kulinda watu, inakata. Ikishuka, jua umeme unavuja kwenda ardhini: kupitia waya wa ethi, kupitia maji, au kupitia mwili wa mtu.

Brekaa nyembamba zilizopangwa pembeni yake hazijui habari za kuvuja. Zinaangalia wingi wa mkondo tu. Na RCCB nayo haijali wingi: laivu na nyutro zikigusana, au ukiizidishia laini mzigo, RCCB itatulia. Ndiyo maana nyumba inahitaji vyote viwili, na ndiyo maana unapompigia fundi simu, mwambie ni kipi kimeshuka. Neno hilo moja linaweza kumwokolea saa nzima.

Brekaa ya soketi inashuka. Ni shoti au nimezidisha mzigo?

Angalia muda. Ndani ya brekaa kuna sehemu mbili: sumaku, ambayo hukata papo hapo mkondo ukiwa mkubwa mno, na kibati cha metali mbili, ambacho hupinda polepole kikipata joto.

Ukiipandisha na ikaruka hapo hapo kwa kishindo, ni shoti, yaani laivu imegusana na nyutro. Usiipandishe mara ya tatu na ya nne kuona kama itashika. Kila mara unapofanya hivyo unapitisha mkondo mkubwa sana kwenye sehemu iliyokwisha kuungua.

Ikikaa dakika tano au kumi kisha ikashuka, piga hesabu ya mzigo. Gawanya wati kwa 230 upate ampea. Jagi la umeme la wati 2,000 ni karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,200 ni kama 5. Ongeza jiko la sahani moja la wati 2,000, umeshafika 23, na brekaa ya 20 ina haki ya kuchoka. Hesabu ikionyesha mzigo ni mdogo na bado inashuka baada ya muda, ishike brekaa kwa nje kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya moto kuliko wenzake, huenda skrubu yake imelegea na inazalisha joto lake yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi kukaza, meni swichi ikiwa imezimwa.

Mimi si fundi. Kuna ninachoweza kufanya mwenyewe bila kufungua kitu?

Kipo, na ni kingi.

Chomoa kila kitu kwenye laini inayosumbua. Nasema chomoa, sio kuzima swichi. Swichi ya soketi mara nyingi hukata laivu tu, nyutro inabaki imeunganika na kifaa. Friji au mashine ya kufulia yenye nyutro inayogusa bodi itaendelea kuisumbua RCCB hata swichi ikiwa imezimwa. Kumbuka pia vitu vinavyosahaulika: king'amuzi nyuma ya televisheni, pampu ya maji, chaja iliyo chini ya kitanda, ekstensheni inayopita chini ya zulia.

Kisha pandisha kilichoshuka, brekaa au RCCB. Ikikubali, kwa kawaida ukuta wako ni mzima na tatizo liko kwenye kifaa. Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kikiwashwa, mpaka mkosaji ajitaje. Kwa vifaa vya kupasha joto subiri dakika kadhaa kabla hujaenda kingine, kwa sababu elementi iliyopasuka inaweza kuwa salama ikiwa baridi na kuvuja ikipata moto.

Ikikataa hali kila kitu kimechomolewa, tatizo liko kwenye nyaya au soketi zenyewe. Hapo shusha brekaa ya laini hiyo, iache chini, uite fundi. Unaweza kuendelea kutumia laini nyingine kama RCCB inakaa juu.

Andika pia ulichokiona: saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha, nani alikuwa amewasha nini, kuna mtu alipiga msumari ukutani wiki hiyo. Misumari ya pazia na ya kutundikia televisheni imetoboa paipu nyingi sana za umeme, hasa zile zinazopanda wima juu ya soketi.

Nimeshusha brekaa zote, lakini RCCB bado inashuka. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali linalowachosha hata mafundi, na watu wengi huishia kuihukumu RCCB kwamba mbovu. Mara nyingi haina kosa.

Brekaa za kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro za laini zote zimefungwa pamoja kwenye kipande kimoja cha shaba, na hakuna brekaa inayozigusa. Sasa tuseme nyuma ya soketi moja waya wa nyutro umebanwa na skrubu mpaka umechubuka, unagusa ethi. Umeshusha brekaa ya soketi hiyo, lakini nyutro yake bado imeunganika na nyutro za nyumba nzima. Mkondo wa nyutro, hata ule mdogo unaotokana na mizigo ya majirani brekaa zako zikiwa chini, unapata njia ya pili kupitia ardhini. RCCB inaona tofauti, inakata.

Hitilafu ya namna hii inadanganya. Kuna siku itatulia kwa sababu mzigo ni mdogo. Kisha mtu anachomeka pasi chumbani, kwenye laini iliyo nzima kabisa, na nyumba yote inazimika. Pasi inalaumiwa, inapelekwa kwa fundi, inarudi na maneno kwamba haina tatizo. Kumbe pasi iliongeza tu mkondo kwenye nyutro, na sehemu ya mkondo huo ikapita kwenye mchubuko ulioko sebuleni. Kama umeshabadilisha vifaa viwili vitatu na kila kimoja kinaangusha RCCB, acha kushuku vifaa.

Fundi huitafuta hivi. Anazima meni swichi, anahakikisha hakuna umeme, anafungua nyutro zote kutoka kwenye shaba yake huku akizitia alama ili kila moja ijulikane ni ya brekaa ipi. Halafu anapima kila nyutro dhidi ya ethi. Nzima itaonyesha upinzani mkubwa sana. Yenye hitilafu itaonyesha omu (kipimo cha upinzani) chache au kilomu (maelfu ya omu) chache. Asipokuwa na mita nzuri anaweza kurudisha nyutro moja moja, akizima kila anapogusa na kuwasha kila anapomaliza, mpaka RCCB ishuke. Laini iliyorudishwa mwisho ndiyo yenyewe. Na kama RCCB inashuka hali hakuna nyutro hata moja inayotoka, hapo ndipo inaruhusiwa kuishuku yenyewe.

Soketi imekufa, lakini testa inawaka matundu yote mawili. Laivu mbili zimetoka wapi?

Hakuna laivu mbili. Nyutro imekatika.

Laivu inafika kwenye soketi, inapita kwenye taa au kifaa chochote kilichowashwa, inatokea upande wa pili kwenye waya wa nyutro. Kwa kuwa nyutro haina njia ya kurudi, waya huo mzima unabaki na umeme ukingoja pa kwenda. Hakikisha hivi: chomoa vifaa vyote na uzime swichi zote za laini hiyo, kisha pima tena. Tundu la nyutro likiacha kuwasha testa, jibu umelipata. Rudi nyuma hadi mahali nyutro ilipoachia, kwa njia ile ile ya soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa.

Hali hii ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu kifaa hakifanyi kazi na mtu anajiona salama kukigusa.

Ikiwa ni nyumba nzima, nyutro inaweza kuwa imekatika kabla ya kufika kwako. Kuna dalili moja usiipuuze hata dakika moja: taa zinang'aa kupita kiasi, nyingine zinafifia, feni inavuma kwa kasi isiyo ya kawaida. Hiyo ni nyutro ya mtaani au ya nyumba yenye fezi tatu imeachia, na volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Testa ya bisibisi inatosha?

Inatosha kukwambia "usiguse". Haitoshi kukwambia "gusa". Taa yake inawaka kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako, na ukiwa umesimama juu ya kiti cha plastiki au umevaa viatu vikavu, inaweza kufifia usiione mchana. Taa yake ikifa, kila waya unaonekana salama.

Multimita ya dijitali nayo ina udhaifu wa upande wa pili: ni nyeti mno. Waya uliokatika na unaolala kwenye paipu moja na waya wenye umeme utaonyesha volti 40, 60, hata 90, ilhali hauwezi kuwasha chochote. Fundi mdogo akiona hivyo anapoteza siku nzima akitafuta umeme unaovuja. Dawa ni taa ya majaribio, balbu ya waya ndani ya kishikio chake chenye nyaya mbili zilizokingwa vizuri. Volti za uongo huzimika mara tu zikipewa mzigo.

Kabla ya kugusa waya wowote: pima mahali unapojua kuna umeme, pima pale unapotaka kufanya kazi, kisha rudi upime tena pale penye umeme. Kipimo cha tatu ndicho kinachokuhakikishia kwamba mita haikufa katikati ya safari.

Shoti iko ndani ya ukuta na soketi ziko nane. Fundi atazifungua zote?

Asifungue zote. Agawe nusu.

Kwanza anazima, anahakikisha umeme hakuna, anachomoa nyaya za laini hiyo kwenye meni swichi na kuweka mita kati ya laivu na nyutro, kisha laivu na ethi, kisha nyutro na ethi, ajue ni zipi zinazogusana. Kisha anakwenda soketi ya nne. Anafungua skrubu mbili za uso, anaivuta taratibu bila kuzinyanyasa nyaya, na hapo ataona nyaya mbili za kila rangi zimeingia kwenye tundu moja: moja inatoka nyuma, nyingine inakwenda mbele. Anazitenganisha na kupima kila upande. Upande mmoja utakuwa safi, mwingine utakuwa na shoti. Sasa zimebaki soketi nne. Anafungua ya katikati yao, anagawa tena. Kwa soketi nane, vipimo vya mahali patatu vinatosha kufikisha kwenye kipande cha waya kati ya boksi mbili.

Akifika hapo aangalie ndani ya boksi kabla ya kulaumu ukuta. Makosa mengi yako kwenye boksi: waya uliobanwa kati ya soketi na ukingo wa chuma, waya uliochunwa mpira kupita kiasi mpaka shaba inachungulia nje ya tundu lake, mchanga na saruji zilizobaki tangu ujenzi, kiota cha sisimizi. Juu ya dari mkosaji mkuu ni panya.

Kuna mpangilio mmoja unaovuruga njia hii. Baadhi ya nyumba zimefungwa soketi kwa mzunguko: waya unatoka kwenye brekaa ya 32, unapita soketi zote, unarudi kwenye brekaa ile ile. Ukiufungua katikati bila kuchomoa ncha zote mbili kwenye meni swichi, umeme au shoti itakuja kutoka upande wa pili na vipimo vyako vitakuwa upuuzi. Chomoa ncha zote mbili kwanza. Na hapo hapo pima ncha ya laivu na mwenzake, nyutro na mwenzake, ethi na mwenzake. Shaba ya milimita za mraba 2.5 ina upinzani wa karibu miliomu 7.4 kwa mita, kwa hiyo mzunguko wa mita 50 utasoma kama omu 0.37. Mita ikionyesha hakuna njia, mzunguko umekatika. Soketi zote zitaendelea kufanya kazi, mwenye nyumba hatajua, lakini mkondo wote wa ampea 32 utakuwa unabebwa na waya mmoja ambao haukupangiwa mzigo huo.

Multimita inasema hakuna kinachogusana, lakini ukiwasha RCCB inashuka. Nani muongo?

Hakuna muongo. Multimita inapima kwa volti chache za betri. Mpira wa waya uliochoka, au boksi lenye unyevunyevu, unaweza kuhimili volti hizo chache na kushindwa zikija 230. Hapa ndipo mega inapohitajika: inasukuma volti 500 za mkondo mnyoofu na kusoma upinzani wa mpira. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyumba ni megaomu 1. Laini nzima huwa na mamia. Ukisoma 2 au 3 umepita mtihani kwa karatasi, lakini mimi nisingelala kwenye nyumba hiyo bila kuitafuta sababu.

Kabla ya kupima kwa mega kila kitu kichomolewe, pamoja na taa za LED, vifaa vya kuzuia mrukio wa umeme na swichi zinazowashwa na giza. Volti 500 zinaweza kuviua.

Inakata mvua ikinyesha tu, jua likitoka inakubali. Nisubiri kiangazi?

Usisubiri. Maji yanakusaidia kuona pale palipo wazi.

Anza na vilivyo nje: taa za ukuta na za geti, kengele, soketi ya barazani, pampu ya kisima, waya unaokwenda banda la kuku au chumba cha nje. Vitenganishe kwenye meni swichi kimoja kimoja siku ya mvua, hali dalili ikiwepo. Fungua taa ya geti na utazame chini ya kifuniko. Mara nyingi utakuta maji yametuama na kiungo cha nyaya kimefungwa kwa tepu tu. Kiungo cha nje kinataka boksi linalofungwa lisiingize maji, na tepu si boksi.

Paipu inayoshuka kutoka darini hadi kwenye soketi ni mfereji mzuri sana wa maji ya bati linalovuja. Ukiona alama ya unyevu juu ya soketi, panda darini. Kwa wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, ongeza hewa ya chumvi: skrubu za soketi za nje hushika kutu ya kijani na kulegea hata bila mvua.

Bomba la bafuni linapiga shoti, lakini hakuna brekaa iliyoshuka. Si ingeshuka kama kuna hitilafu?

Isome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Tuseme elementi ya hita ya maji imepasuka na laivu imegusa bodi. Bodi imefungwa ethi, ethi inakwenda kwenye rodi nje. Rodi na udongo vina upinzani. Tuseme omu 40, jambo la kawaida udongo ukiwa mkavu. Gawanya 230 kwa 40: mkondo ni karibu ampea 6. Brekaa ya hita ni ya 32. Ampea 6 kwake si kitu, itakaa juu mwaka mzima. Wakati huo waya wa ethi wa nyumba yote unakuwa na volti karibu 230, na kila chuma kilichounganishwa nao: bodi ya friji, boksi la meni swichi, bomba la jikoni. Hitilafu iko kwenye hita lakini anayepigwa ni anayeosha vyombo.

RCCB ingelikata tatizo hili kwa sehemu ndogo ya sekunde, maana miliampea 30 tu zinatosha kuishtua. Kwa hiyo bomba likipiga shoti na nyumba iko kimya, mara nyingi ama hakuna RCCB, ama imekufa, ama kuna mtu aliiruka kwa waya kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Zima meni swichi, watoe watoto bafuni, usitumie maji mpaka fundi afike. Mtu akiwa amenaswa, zima kwanza. Usimvute kwa mikono.

Bonyeza kile kitufe cha T angalau kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe. Lakini kitufe hicho kinapima RCCB peke yake, hakipimi ethi. Rodi inaweza kuwa imekatwa na jembe la mtunza bustani na kitufe kikafanya kazi vizuri. Nenda nje uitazame rodi yako leo: kibano kimekaza, waya haujakatika?

LUKU inaisha haraka. Je, ni umeme unavuja?

Inaweza kuwa. Mfano wa hita hapo juu, ampea 6 zikivuja usiku na mchana, ni zaidi ya uniti 30 kwa siku. Lakini pima kwanza.

Mita ina taa nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000 au 1600. Chomoa na uzime kila kitu, kisha itazame. Kwenye mita ya 1000, ikipepesa kila baada ya sekunde 36 kuna kitu kinakula wati 100. Shusha brekaa moja moja mpaka itulie. Laini iliyoituliza ndiyo inayokula. Ukishusha meni swichi na bado inapepesa, tatizo liko kati ya mita na meni swichi, au kuna mtu ameunganisha waya wake hapo. Usiguse mita wala lakiri yake. Hiyo ni mali ya shirika la umeme, na kuichezea ni kosa la jinai.

Soketi inapata moto na kuna harufu ya ajabu, wakati mwingine kama ya samaki.

Ni plastiki inayoungua. Acha kuitumia sasa hivi na ushushe brekaa yake. Kiungo kilicholegea hakileti shoti wala hakivujishi, kwa hiyo brekaa na RCCB zote haziioni hatari hii. Pua yako ndiyo kinga pekee uliyonayo.

Chanzo mara nyingi ni skrubu isiyokazwa, au vibano vya ndani vilivyotanuka. Tabia ya kusukuma tundu la juu kwa kalamu ili kuingiza plagi ya miguu miwili imeharibu soketi nyingi kwa njia hii. Plagi ya duara inatanua vibano vilivyotengenezewa miguu bapa, na siku ukirudisha plagi ya pasi haikamatwi sawasawa. Soketi iliyobadilika rangi haitengenezwi, inatupwa. Fundi akate pia kipande cha waya kilichogeuka cheusi mpaka afike kwenye shaba inayong'aa.

Niweke brekaa kubwa zaidi isiwe inashuka?

Hapana. Brekaa inalinda waya uliomo ukutani. Ukiweka ya 40 kwenye waya wa 2.5, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na utaungulia juu ya dari yako.

Nyaya zina rangi tofauti na nilizofundishwa.

Nyumba za zamani zilifuata mtindo wa Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Mpya: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani chenye mistari ya njano ethi. Nyumba iliyoongezewa vyumba huwa na zote mbili, na wakati mwingine rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo. Rangi ikuelekeze, mita iamue.

Nina inveta ya sola na jenereta. Kuna tahadhari ya ziada?

Kubwa sana. Kuzima meni swichi hakumaanishi umeme umeisha. Inveta itasikia umeme umekatika na kuingia kazini ndani ya sekunde, fundi akiwa ameshika waya. Zima inveta yenyewe, tenganisha betri, zima jenereta na uondoe ufunguo wake. Kisha pima kama kawaida.

Nimpigie TANESCO (shirika la umeme) au fundi binafsi?

Waangalie majirani. Wakiwa gizani nao, au waya wa nguzo unatoa cheche, au mita imezimika hali uniti zipo, hiyo ni kazi ya TANESCO. Kuanzia meni swichi kuingia ndani ni kazi yako na fundi wako. Kwa Tanzania Bara mwombe leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati. Kwa Kenya, ya EPRA, mamlaka kama hiyo. Muulize pia ana mega na kama atapima baada ya kutengeneza. Patana naye bei ya kutafuta tatizo peke yake na bei ya kulitengeneza peke yake, ili asije akaona faida kwenye kubadilisha vitu vingi.

Tatizo limepatikana na kutengenezwa. Umeme unarudishwaje?

Kwa mpangilio ule ule wa kutenga. Vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, fundi apime laini kwa mega, apime kwamba ethi inafika kila soketi, ahakikishe laivu na nyutro hazikubadilishana matundu. Ndipo apandishe meni swichi, RCCB, kisha brekaa moja moja. Abonyeze kitufe cha T mbele yako. Halafu chomeka vifaa kimoja kimoja ukianza na vidogo, na ile soketi iliyotengenezwa uishike usoni baada ya nusu saa ya mzigo. Ikiwa ya uvuguvugu zaidi ya nyingine, arudi aikaze kabla hajalipwa.